Mdomo wa Mama

Dawa ya minyoo ya watoto bado inanukia ndizi. Nilidhani baada ya miaka yote hii wangekuwa wameibadilisha, waweke chungwa au nanasi, lakini wapi. Mwezi uliopita niliifungua chupa jikoni kwangu, hapa Remera, Kigali, nyuma ya mabaa ya Gisimenti, mwanangu Jamali akiwa amejikunja juu ya stuli akilalamika tumbo. Ile harufu ilinipiga usoni kabla hata sijakitoa kifuniko chote. Ni ndizi ambayo haijawahi kuota kwenye shamba lolote, tamu kupita kiasi, ya kuumiza kichwa. Nikaimwaga dawa yote kwenye sinki, nikafungua bomba na kuyaacha maji yatiririke.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Batsinda. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango akichambua mchicha. Aliitazama sinki, akanitazama mimi, kisha akaendelea na mchicha wake. Hakuuliza kwa nini natupa dawa nzima. Nami sikumweleza, kwa sababu kati yetu wawili kuna jambo ambalo tumelizunguka tangu nikiwa na miaka kumi.

Wenzangu mliokuwa watoto wa aina yangu mtanielewa haraka. Nasema nyinyi mliokuwa mkivutwa kutoka mchezoni ili mkawasemee wazazi: kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu, kwa fundi wa umeme, kwa yule bibi wa ofisi ya mtaa asiyependa kusubiri. Baba yangu ni Mnyarwanda, lakini alilelewa Tanzania, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Kigali. Alikutana na Mama huko Tabora. Alipotuleta hapa, akatuweka kwenye nyumba ndogo ya Batsinda, zile nyumba zilizopangwa mistari, kisha akapanda lori lake akaondoka. Alikuwa akirudi kila baada ya wiki tatu, wakati mwingine nne. Mama akabaki na Kiswahili chake kizuri cha Tabora, ambacho pale mtaani kilikuwa na msaada sawa na mwavuli ndani ya nyumba.

Mimi na mdogo wangu Idi tulikipata Kinyarwanda bila hata kukitafuta. Shule ilitupa nusu, uwanja wa kuchezea ukatupa nusu. Basi nikawa mdomo wa Mama. Ndivyo mwenyewe alivyoniita mbele ya wageni, akinishika kidevu: "Huyu ndiye mdomo wangu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa. Nilikuwa natembea mbele yake sokoni kama katibu wa waziri. Alipotaka nyanya, nilizitaka mimi. Alipogombezwa, niligombezwa mimi kwanza, nikachuja, nikampa yaliyobaki. Mwenye nyumba akisema "huyu mama kelele za watoto wake zimenichosha," mimi nilimwambia Mama: "Anauliza kama hatujambo." Nilijiona mwema sana kwa kumkinga. Hakuna aliyenifundisha kwamba maneno ya mtu ni amana, yanafikishwa kama yalivyo.

Kulikuwa na maneno mengine ambayo hata kuyafikisha ilikuwa marufuku. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilitaja kwa Kinyarwanda sehemu ya siri ya mwanamume. Nilikuwa nimelisikia neno hilo uwanjani kwa wavulana na nikalipenda lilivyokuwa likiwafanya watu wacheke. Mama hakulijua. Bahati yangu mbaya, jirani mmoja alilisikia, akaja mlangoni akamwonyesha Mama kwa mikono na macho nilichosema. Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na pilipili mbuzi iliyokatwa, akanisugua midomo, ulimi na ufizi. "Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia yule jirani, ambaye hakuelewa lakini akatikisa kichwa kukubali. Nililia hadi jioni, nikinywa maji ambayo yaliuongeza moto. Kisha akanikalisha akaniambia, kwa upole sasa, kwamba mtoto wa kike mwenye adabu hana neno hilo kinywani mwake. Si kwa Kiswahili, si kwa Kinyarwanda, si kwa lugha yoyote aliyoiumba Mungu. Nilimwelewa vizuri. Mimi nilikuwa mtoto wa kushika mafunzo.

Idi alikuwa na miaka sita. Alikuwa na masikio makubwa, na tabia ya kuimba akiwa chooni ili watu wajue kuna mtu. Alizaliwa na kitu ambacho nyumbani kwetu hakikuwa na jina. Mama alipokuwa akituogesha, nilikiona: uvimbe mdogo kwenye kinena, upande wa kulia, unaoshuka hadi kwenye sehemu za siri anapolia au kukohoa, kisha unarudi ndani wenyewe anapolala. Mama aliuzungumzia kwa kuzunguka. Akisema "kile kitu chake" au "mshipa wake," tulijua. Madaktari huuita ngiri. Nimesoma baadaye kwamba watoto wengi wa kiume huzaliwa nayo, kwamba upasuaji wake ni mdogo, na kwamba mtoto mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Niliyasoma hayo nikiwa mtu mzima, nikafunga simu nikakaa chini sakafuni.

Baba alijua. Aliposikia, alimwambia Mama kwenye simu: "Hayo ni mambo ya wanaume, niachie mimi. Nikirudi nikapata siku mbili tatu, nitampeleka." Alimaanisha kila neno. Lakini akirudi, lori linadai matengenezo, tajiri anadai makaratasi, na siku mbili tatu zinaisha. Mama naye hakuwa na wa kumwendea. Mtu mzima pekee katika mstari wetu wa nyumba aliyejua Kiswahili alikuwa Papa Divine, fundi cherehani aliyekulia Bukavu, Kongo. Mtu mpole, mwenye tepu ya kupimia shingoni tangu asubuhi hadi anapolala. Lakini ni mwanamume. Mama angemwambiaje mwanamume wa watu kuhusu mahali pale pa mwanawe? Kwetu tuna msemo, mficha maradhi kilio humuumbua. Mama aliujua, na aliwahi kuutumia kwa watu wengine.

Asubuhi moja Idi aliamka akilia. Kile kitu kilikuwa kimeshuka, kimekuwa kigumu, na hakikurudi. Mama alimlaza, akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akasubiri. Hakikurudi. Akampigia Baba, simu haikupatikana. Alikuwa kwenye zile sehemu za katikati ya Tanzania ambako mtandao unakuja na kuondoka. Idi akatapika chai yake yote. Ndipo Mama akajifunga kanga ya pili, akachukua kadi ya mituweli, ile bima ya afya, akanitazama. "Leo huendi shule. Twende ukaniongelee."

Nakumbuka nilifurahi. Nalisema ili mjue nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilivaa sare ya shule ingawa siendi shule, kwa sababu sare ilinifanya nionekane wa maana.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Tulikaa kwenye benchi hadi jua likafika miguuni petu, Idi akiwa amejikunja mapajani mwa Mama. Zamu yetu ilipofika tukaingia kwenye chumba kidogo ambacho mlango wake haukufungwa, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya haraka. Nje ya mlango, hatua mbili tu, alikaa msichana wa darasa langu aliyefungwa bandeji gotini. Alinipungia mkono. Muuguzi alikuwa kijana, pengine hakuwa amefika miaka thelathini, na macho mekundu ya mtu aliyekuwa zamu tangu jana. Sikumbuki ubaya wowote kwake. Alimshika Idi kichwani kwanza, kumsalimia.

Akaniuliza mimi, kwa Kinyarwanda, anaumwa wapi.

Nikamgeukia Mama. Mama aliutazama ukuta. Alikuwa ameinamisha kanga hadi karibu na macho. "Mwambie tumbo," akasema, "hapa chini. Mwambie na kile kitu chake kimeshuka, hakirudi. Unajua wewe. Mwambie kwa adabu."

Kwa adabu. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha aina mbili. Cha shule kilikuwa safi, chenye jua na ng'ombe na bendera ya nchi, na ndani yake mtu hakuwa na mwili chini ya kitovu. Cha uwanjani kilikuwa na kila kitu, na kwa kila kitu kulikuwa na pilipili. Nililitafuta neno la tatu, lile la watu wazima, lile wanalotumia waganga wa hospitali. Sikuwa nalo. Nilisimama pale mbele ya kijana yule, yule msichana wa darasa langu akinitazama mlangoni, na nikahisi ufizi wangu ukianza kuwaka, kweli kabisa, kama vile mtu amekata pilipili karibu.

"Ababara mu nda," nikasema. Anaumwa tumboni.

Akalibonyeza tumbo la Idi juu ya shati, hapa na hapa. Idi akapiga kelele. Kijana akaniuliza tena, na hili namshukuru, maana aliuliza: kuna mahali pengine panapouma? Kuna palipovimba?

"Kasemaje?" Mama akauliza.

"Anauliza kama kuna pengine."

"Si umwambie!"

Nikamgeukia muuguzi, nikasema: "Ni mu nda gusa." Ni tumboni tu.

Idi alikijua Kinyarwanda sawa na mimi. Alinisikia. Alinyanyua kichwa kutoka kwenye bega la Mama akanitazama, na mimi nilidhani ananishukuru, kwa kuwa na yeye hakutaka kuvuliwa suruali mbele ya yule msichana. Huenda kweli alikuwa akinishukuru. Alikuwa na miaka sita, na aibu ilikuwa imeshamfikia.

Muuguzi akaandika. Akasema ni inzoka, minyoo, iko kwa watoto wengi msimu huu, apewe dawa hii, anywe maji yaliyochemshwa, na asipopata nafuu arudi. Haya yote nilimfikishia Mama bila kuacha hata moja. Tukiwa njiani, yeye akiwa amembeba Idi mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akasimama ghafla. "Hakumvua hata suruali."

"Amesema si lazima," nikajibu. "Wao wanajua kwa kubonyeza tu."

Uongo ule ulinitoka laini, kama ule wa mwenye nyumba. Mama alitulia. Ningependa mlielewe hili, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa: kuanzia pale Mama hakuwa mzembe. Alikuwa mama aliyempeleka mtoto hospitali, akaeleza kila kitu, akapewa dawa na mtu aliyesomea. Idi alipozidi kulia usiku ule na kesho yake, alijipa moyo kwa maneno yangu. Mganga ameshajua. Minyoo inatoka kwa fujo. Alimpa ile dawa ya harufu ya ndizi kwa kijiko, akaitapika, akampa tena.

Na mimi niliamini. Hilo ndilo gumu kuwaeleza watu. Nilijua nilichokificha, lakini muuguzi aliposema minyoo, akili yangu ya kitoto ikasema basi ni minyoo, mganga hakosei, kile kitu kingine ni mambo mengine. Nilimkalia Idi kitandani nikamsuta. "Si nilikwambia usile maembe mabichi? Sasa unaona? Nyamaza, unamsumbua Mama." Aliacha kulia kwa sauti akawa analia kwa pua tu. Kesho yake jioni hakulia kabisa, na nikadhani nimefanikiwa.

Siku ya tatu, saa nne hivi asubuhi, Papa Divine alikuja kurudisha gauni la Mama alilolipunguza. Akasimama mlangoni na gauni mkononi. Akasikia pumzi ya Idi.

"Mama Idi, ule mutoto iko na nini? Juzi nasikia iko naria, leo nasikia hapana."

"Tumbo, Papa Divine. Mganga keshamwona. Ana minyoo."

Aliingia bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Akachuchumaa kando ya kitanda. Macho ya Idi yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na tumbo limejaa kama mpira. Papa Divine hakumuuliza Mama na hakuniuliza mimi. Alimuuliza mwenyewe, polepole, kwa Kinyarwanda: "Idi, nyereka aho ubabara." Nionyeshe unapoumwa.

Idi akaisukuma kanga pembeni akaonyesha.

Papa Divine alitazama. Akamrudishia kanga, akageuka. "Mama, hii hapana minyoo. Hii ni kitu ya kupasura. Muliambia muganga hii kitu?"

"Tulimwambia!" Mama akasema. "Mtoto alimwambia." Akanigeukia. Si kwa hasira. Alitaka tu shahidi. "Si ulimwambia?"

Pale palikuwa na nafasi. Ingekuwa imechelewa kwa Idi, lakini kwa sisi wengine haikuwa imechelewa. Nilifungua mdomo nikasema: "Nilimwambia."

Papa Divine alinitazama kidogo, kisha akambeba Idi akakimbia naye hadi barabarani, akasimamisha gari la jirani aliyekuwa akienda mjini, na tukapelekwa moja kwa moja hospitali kubwa. Kule daktari alikuwa mwanamke. Papa Divine alisimama kati yake na Mama, tepu bado shingoni, akawa anatafsiri. Alilitaja lile neno. Alilitaja kwa Kinyarwanda kwa daktari na kwa Kiswahili kwa Mama, mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja mkono au sikio. Nilimwangalia Mama nikingoja ainuke kwa ghadhabu. Alijibu tu, kwa sauti ileile: kimeshuka tangu lini, alitapika mara ngapi, choo alipata lini. Neno nililoliogopa kuliko moto lilipita katikati ya watu wazima watatu na hakuna aliyetetereka.

"Mama, banasema utumbo ulifungwa mule ndani," Papa Divine akaeleza. "Damu haipiti. Banamupeleka kumupasura sasa hivi. Banasema ingekuwa juzi…" Akakatisha hapo. Ndiyo sentensi pekee aliyoichuja siku ile.

Tulikaa. Mchana ukapita, wauza chai wakapita na termosi zao. Yule daktari alirudi akiwa ameivua kofia yake, akasema maneno machache kwa Kinyarwanda, akiwa amemshika Mama mkono. Papa Divine alifungua kinywa atafsiri, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Haikuhitajika. Mama alikuwa ameshakaa chini sakafuni. Niliyasikia maneno ya daktari na kuyaelewa, na bado nilikuwa nikingoja Papa Divine ayaseme kwa Kiswahili ili yawe mengine.

Tulimzika kesho yake. Baba aliliacha lori Rusumo mpakani, akafika jioni, mazishi yameisha. Majirani walikuwa wamejaa uani wakisema "ihangane, Mama Idi, ihangane," yaani vumilia, na Mama, ambaye sasa alilijua neno hilo, alikuwa akijibu kwa kichwa. Baba aliuliza ilikuwaje. "Tuliwaambia," Mama akamjibu. "Kila kitu tuliwaambia. Hawakumtazama." Baba akasema kesho atakwenda kituoni kumuuliza huyo muuguzi ana kwa ana. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajificha. Lakini Mama akasema, "Uende ili akurudishie nini?" Baba akakaa.

Mama alimlaani yule kijana. Alimlaani kila alfajiri baada ya sala, kwa jina asilolijua: yule wa macho mekundu, Mungu amwonyeshe. Siku moja, miezi kama miwili baadaye, tulikutana naye njiani. Alikuwa amebeba mkate na maziwa, anatoka kazini. Alinitambua kwa ile sare, akatabasamu. "Umwana ameze ate?" akaniuliza. Mtoto anaendeleaje?

"Kasemaje?" Mama akauliza.

"Anatusalimia tu," nikasema.

Mama akatema mate chini, karibu na viatu vyake. Yule kijana aliyatazama yale mate, akanitazama mimi, asielewe amekosa nini. Nilimvuta Mama tukaondoka. Watu wawili nimewadhulumu mbali na mdogo wangu, na yeye ni mmojawapo. Sijui jina lake hadi leo. Nikiwaona wauguzi wa umri wa makamo huwa nawatazama usoni.

Maisha yakaendelea, maana hayana adabu ya kusimama. Mama hakutaka tena kuwa na mdomo wa kuazima. Alichukua meza sokoni Batsinda, akawa anauza mchicha, nyanya chungu na karanga. Kule alikipata Kinyarwanda kwa nguvu, kwa kugombezwa na kuchekwa na kugombeza na yeye. Nilipofika miaka kumi na mbili alikuwa akijadiliana bei peke yake. Mdogo wetu Rehema akazaliwa. Na siku moja nikagundua kwamba Mama, akimaliza sala, anakaa kimya. Laana imekwisha. Nilihesabu siku tatu, nne, wiki. Nikajiambia muda umemponya. Wakubwa husema hivyo, na mimi nilikuwa nimeanza kujiona mkubwa.

Kulikuwa na jambo jingine wiki hiyohiyo, ambalo sikuliunganisha. Nilimkuta akimwogesha Rehema uani kwenye beseni. Alikuwa akimtajia mwili. Hili ni goti, hili ni paja, hiki ni kitovu, na akashuka, akataja na yote ya chini kwa majina yake kamili, bila kuzunguka, bila kushusha sauti. Kisha akaniita. "Njoo. Hapa Wanyarwanda wanapaitaje? Namaanisha wenye heshima zao, waganga." Nilisema sijui. "Basi kamuulize mwalimu wako wa sayansi," akasema. "Ukija na jibu umfundishe mdogo wako." Nilimtazama mwanamke aliyenisugua pilipili nikadhani huzuni imemchanganya akili. Nilikwenda nikauliza, nikajibiwa, nikamfundisha Rehema. Leo ni muuguzi mwanafunzi, na hakuna neno linalomwogopesha.

Narudi jikoni. Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye sinki. Nikalifunga bomba, nikamwambia Mama, bila kumtazama, kwamba Jamali hana shida kubwa, ni tumbo tu, pengine ni zile sambusa za jana.

Mama aliweka mchicha chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akamvuta Jamali katikati ya magoti yake. "Njoo, mjukuu wangu, vua suruali bibi akuone." Jamali akavua akicheka. Mama akamkagua pande zote mbili za kinena kwa kidole, akamwambia akohoe, akakagua tena. Hapakuwa na kitu. Akampandisha suruali, akamfunga kifungo, akampiga kofi dogo la matako aende akacheze.

Kisha akasema, taratibu, kwa Kinyarwanda chake cha sokoni ambacho hadi leo kina lafudhi ya Tabora: "Ni mu nda gusa."

Maneno yale sikuwahi kumwambia mtu. Si mume wangu, si Rehema. Mama aliyasikia mara moja tu, ndani ya kile chumba, wakati yakiwa kwake sauti tupu, akayahifadhi kama yalivyo. Na siku moja huko sokoni, katikati ya nyanya chungu na karanga, akawa amejifunza lugha ya kutosha, na yakamfungukia.

"Mama," nikasema. Nilikuwa nalia kama mtoto. "Ndivyo nilivyosema. Sikumwambia. Ni mimi."

"Najua," akasema. "Tangu Rehema hajaanza kutembea."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Aliokota jani la mchicha lililoanguka sakafuni, akalipangusa, akalirudisha kwenye sufuria na mengine.

"Ningekuuliza nini, mwanangu?" akasema. "Ile pilipili si niliitia mimi?"